SOMO LA KIINGEREZA: NENO "CHARGE" NA MAANA ZAKE

Mtu anayejifunza Kiingereza mara nyingi huyaogopa maneno marefu. Lakini neno refu kwa kawaida lina maana moja tu, na mtu akishaitafuta katika kamusi kazi imekwisha. Yanayomnasa mwanafunzi ni yale maneno mafupi ambayo adhani anayajua tangu darasa la nne. Moja katika hayo ni neno "charge", ambalo hutamkwa kama "chaji". Neno hili limeandikwa juu ya karatasi ya polisi, limeandikwa katika daftari la mashamba, limo katika risiti ya duka na katika ujumbe wa benki, limebandikwa mlangoni kwa mkuu wa zahanati, na limo katika kila mazungumzo ya simu za mkononi. Mtu mmoja aweza kukutana nalo mara tano kwa siku moja, na kila mara likataka kwake jambo jingine.

Kiswahili nacho kimelipokea neno hili, lakini kimelipokea kipande. Twasikia kila mahali watu wakisema "kuchaji simu", "simu haina chaji". Kwa kusema umeme maneno hayo yatosha. Shida ni kwamba kijana aliyezoea kipande hicho akisoma mahali maneno "There is a charge on this land", hufikiri kwamba labda nyaya za umeme zimepita shambani, au kwamba kuna ada ndogo inayotakiwa ofisini. Kumbe habari aliyoisoma ni kwamba shamba la baba yake limewekwa rehani, na kama deni halikulipwa laweza kuuzwa.

Basi yafaa neno hili lichunguzwe tangu mizizi yake, maana mizizi ndiyo inayozishika maana zote pamoja. Warumi wa kale walikuwa na neno "carrus", yaani gari la kukokotwa na wanyama. Kutokana na neno hilo yakatoka maneno yenye maana ya kupakia mzigo garini. Wafaransa wakayarithi kwa namna yao, na baada ya Wanormani kuishika Uingereza mwaka 1066, lugha ya Kifaransa ikakaa katika nyumba za watawala na katika mahakama kwa miaka mingi, na maneno yake mengi yakaingia katika Kiingereza. "Charge" ni mojawapo. Ndugu zake ni "cargo", yaani shehena ya meli, na "carry", yaani kuchukua, na hata "car", gari lenyewe. Kwa hiyo maana ya kwanza kabisa ya "charge" ni kupakia, na Mswahili ana neno zuri zaidi kuliko hilo la kupakia, nalo ni kutwika. Mtu hutwikwa kuni au mtungi wa maji. Lakini pia husemwa kwamba ametwikwa madaraka, ametwikwa deni, ametwikwa kosa asilolitenda. Hizo zote Mwingereza huzisema kwa neno moja hili. Mwenye kushika ufunguo huu, kwamba "charge" ni kutwika, hatapotea sana, ijapokuwa katika kutafsiri itambidi kila mara achague neno jingine la Kiswahili.

Si Wazungu peke yao waliokwenda njia hiyo. Neno letu shehena limetoka kwa Waarabu, ambao kwao mzizi huo ni wa kupakia chombo. Nao Waarabu wa leo, wanapotaka kusema kutia umeme katika simu, hutumia mzizi huo huo wa kupakia shehena. Watu wa lugha mbili zisizokuwa na udugu wameutazama umeme kwa jicho moja, wakaona kwamba ni mzigo unaopakiwa mahali.

Kabla ya umeme ilikuwapo bunduki. Wazee wanaoikumbuka gobori wanajua jinsi ilivyoshindiliwa: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, na kijiti kirefu cha kushindilia. Kipimo kile cha baruti kinachotiwa mara moja huitwa "a charge", na kushindilia kwenyewe ni "to charge". Wachimba mawe wa leo hutumia neno hilo kwa baruti iliyofukiwa ndani ya mwamba. Benjamin Franklin wa Marekani, alipokuwa akifanya majaribio yake ya umeme katika miaka ya 1740, alitumia maneno ya wapiga mizinga: chupa zake zilizojaa umeme zilikuwa "charged", na vioo vingi vilivyounganishwa pamoja aliviita "battery", ambalo lilikuwa jina la kundi la mizinga. Kutoka hapo ndipo tulipopata betri, na chaji ya simu.

Maana nyingine iliyo karibu na vita ni kushambulia kwa kukimbia. Nyati aliyejeruhiwa akimwelekea mwindaji, Mwingereza husema "The buffalo charged". Asitokee mtu akatafsiri kwamba nyati alimtoza mwindaji fedha. Ili kuikumbuka maana hii, mwanafunzi na afikirie uzito wote wa mnyama ukimjia mtu mmoja. Askari wa farasi nao walikuwa na "charge" yao, na iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Balaclava, katika rasi ya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Farasi wapatao 670 wa kikosi chepesi cha Waingereza walipelekwa moja kwa moja mbele ya mizinga ya Warusi, na watu 110 hivi wakafa. Na sababu yake yahusu somo hili. Jemadari mkuu, Lord Raglan, alikuwa juu ya kilima, na katika amri yake aliandika habari za mizinga bila kueleza ni mizinga ipi. Yeye aliiona mizinga iliyokuwa ikiondolewa na adui katika ngome zilizotekwa. Waliokuwa bondeni hawakuiona hiyo, waliona mingine tu, ile ya mwisho wa bonde. Neno lilikuwa sahihi, lakini aliyeliandika na aliyelisoma hawakuwa wakitazama kitu kimoja.

Ama kuhusu fedha, hapa neno hili ni jepesi, ila lina adabu zake. "Charge" ni malipo ya kazi aliyotendewa mtu, wala si bei ya kitu kilichopo juu ya meza. Bei ya mkate ni "price". Nauli ya basi ni "fare". Karo ya shule na malipo ya wakili ni "fee". Lakini malipo ya kutuma fedha kwa simu, kazi iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, huitwa "charges", kwa kuwa ni malipo ya huduma. Kitendo chake ni kutoza: "He charged me fifty shillings", alinitoza shilingi hamsini. Akizidisha, "He overcharged me". Palipoandikwa "free of charge", hapatozwi kitu. Na mnunuzi akisema "Charge it to my account", hataki kulipa sasa. Ataka aandikiwe deni. Katika sentensi hizi zote mzigo ni fedha, na anayetwikwa ni mnunuzi.

Jambo hilo hilo likipandishwa mpaka kwenye hazina ya nchi, lugha huwa nzito zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mishahara ya majaji ni "charge" juu ya Mfuko Mkuu wa Serikali. Maana yake ni kwamba fedha hizo zimetwikwa mfuko huo na Katiba yenyewe, hazingoji kupigiwa kura kila mwaka pamoja na matumizi mengine, ili jaji asiwe na hofu ya kunyimwa mshahara kwa sababu ya hukumu aliyoitoa.

Sasa ifuatayo ni maana ya ulinzi na madaraka. Mwuguzi mkuu wa zahanati ni "nurse in charge", yaani ametwikwa mahali pale. Hapa kuna mtego mdogo wa sarufi ambao umewaangusha wengi katika mitihani. "The nurse is in charge of the patient" ni kwamba mwuguzi anamwangalia mgonjwa. Lakini "The patient is in the charge of the nurse" ni kwamba mgonjwa yuko chini ya uangalizi wa mwuguzi. Neno dogo "the" limeingia, na mwenye kuamuru amekuwa mwenye kuamriwa. Kadhalika watoto walio mikononi mwa yaya huitwa "her charges". Mwanafunzi akisoma kwamba "The nurse took her charges for a walk", asidhani kwamba yaya alikwenda matembezi na hesabu za madeni yake.

Na sasa tazama sentensi hizi mbili:

"The watchman was charged with guarding the store."

"The watchman was charged with stealing from the store."

Maneno ya mwanzo ni yale yale, neno kwa neno. Lakini bawabu wa kwanza amekabidhiwa ghala ailinde, na wa pili ameshtakiwa kwa kuiba ghalani. Wa kwanza ametwikwa kazi, wa pili ametwikwa kosa. Hakuna kitu kinachozitenga isipokuwa maneno yanayofuata baada ya "with". Kwa hiyo mtu asiamue maana ya "charged with" kabla hajafika mwisho wa sentensi, na mkalimani asifungue kinywa chake kabla hajausikia mwisho huo.

Mahakamani ndipo neno hili lilipo na uzito wa maisha ya watu. Karatasi ambayo polisi huipeleka mbele ya hakimu huitwa "charge sheet", yaani hati ya mashtaka. Hati hiyo ina sehemu mbili ambazo kila mtu afaa kuzijua. Kwanza ni jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria kilichovunjwa. Pili ni maelezo: nani, siku gani, mahali gani, alifanya nini, kwa kitu cha nani. Kama makosa ni zaidi ya moja, kila moja huandikwa peke yake na huitwa "count". Katiba, katika ibara ya 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa lazima aelezwe upesi sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoifahamu, na apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama au katika siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Ibara ya 50 yaongeza kwamba aelezwe shtaka lake kwa ukamilifu wa kutosha aweze kulijibu, na kama haifahamu lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Hapo, kwa namna ya kuchekesha kidogo, Mwingereza angeweza kusema kwamba "charge" itafsiriwe "free of charge".

Lakini kazi ya kutafsiri shtaka si ya kuchekesha. Tuseme mfugaji mmoja amesimama kizimbani. Shtaka limesomwa kwa Kiingereza kwamba aliiba ng'ombe wa jirani yake, na mkalimani, kwa haraka ya asubuhi yenye kesi nyingi, akamwambia, "Mzee, unasemekana ulichukua ng'ombe wa fulani. Ni kweli au si kweli?" Mzee ni mtu mkweli. Ng'ombe alimchukua. Alimchukua mchana, watu wakiona, kwa kuwa aliamini kwamba ni wa mahari ya binti yake iliyokuwa haijamalizika. Basi anajibu, "Ni kweli." Na neno hilo moja, likiandikwa peke yake, laweza kumfunga.

Kosa liko wapi? Liko katika kulipunguza shtaka. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya haisemi kwamba kuchukua ni kuiba. Yasema mwizi ni yule anayechukua kwa hila na bila kudai haki. Mzigo wa shtaka una vipande vingi, na mtu aliyekiri kipande kimoja hajaubeba mzigo mzima. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka wazi namna ambayo hakimu yampasa kuifuata, na mpaka leo mahakama za Kenya hurudi kwenye shauri hilo. Shtaka lisomwe na vipande vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, au kwa lugha anayoifahamu. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Yakiwa ni maneno ya kukiri, iandikwe kwamba amekiri; kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotukia, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyakataa au kuongeza lake. Akisema, "La, ng'ombe yule nilijua ni wangu," basi kukiri kunafutwa na kesi yasikilizwa. Yule mzee wa mfano wetu, kama angeulizwa hivyo, angeeleza habari ya mahari, na hakimu angeiandika kuwa amekana.

Kwa hiyo mshtakiwa ana haki ya kuuliza, tena kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba nielezwe shtaka lote." Hapotezi kitu kwa kuuliza hivyo. Na mkalimani asione uzito kumwomba hakimu nafasi ya kulirudia. Wako wakalimani ambao hujivunia wepesi. Katika kazi hii wepesi si sifa.

Maana ya mwisho iliyo kubwa ni ile ya ardhi. Mwaka 1954 mpango wa kilimo uliojulikana kwa jina la Swynnerton ulitaka mashamba ya Waafrika yapimwe na wenyewe wapewe hati, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba mwenye hati ataweza kuitumia kuwa dhamana ya kupata mkopo. Sheria ya ardhi iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ikaita dhamana hiyo "charge", na sheria za ardhi za mwaka 2012 zilizoiondoa ile ya 1963 zimelihifadhi jina hilo. Kwa Kiswahili huitwa rehani, lakini yafaa msomaji awe mwangalifu. Rehani ya kijijini, kwa desturi za sehemu nyingi, ni kwamba mwenye kukopesha huingia shambani akalima na kula mavuno mpaka fedha zake zirudi. "Charge" sivyo ilivyo. Mwenye shamba hubaki shambani mwake, hulima, huvuna, na huitwa mwenyewe katika daftari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema wazi kwamba "charge" ni dhamana tu, haihamishi haki ya ardhi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ni shamba lililotwikwa deni kichwani. Lilipo lipo, lakini mzigo unaonekana na kila anayekuja kulitazama kwa nia ya kununua.

Katika karatasi hizo yako maneno mawili yanayowachanganya hata watu waliosoma. "Chargor" ni mwenye shamba, maana yeye ndiye anayeitoa dhamana. "Chargee" ni benki au mtu anayekopesha, maana yeye ndiye anayeipokea. Mtu aliyezoea kwamba "employer" ni tajiri na "employee" ni mfanyakazi wake hudhani kuwa "chargee" ni yule mnyonge aliyekopa. Ni kinyume. Ikiandikwa kwamba "the chargee may sell the land", anayeruhusiwa kuuza ni mkopeshaji.

Kuuza huko, hata hivyo, hakufanywi kwa siku moja. Kwanza mkopaji awe amekosa kulipa, na kukosa huko kuendelee kwa mwezi mmoja. Ndipo mkopeshaji ampe taarifa kwa maandishi, yenye kueleza kosa ni nini na fedha ni kiasi gani, na kumpa muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Muda huo ukiisha bila malipo, na mkopeshaji akitaka kuuza, ampe taarifa nyingine ya kuuza, na asiuze kabla ya siku 40 kupita tangu siku ya taarifa hiyo. Nakala ya taarifa hiyo hupewa pia mume au mke wa mkopaji, na wengine wenye haki katika ardhi hiyo. Na katika kuuza, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Shamba likiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba wajibu huo haukutimizwa, na ni juu ya mkopeshaji kuonyesha vinginevyo. Mtu anayetupa barua za benki nyuma ya kabati kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza anazitupa siku zake mwenyewe, kwa kuwa muda huhesabiwa hata kama barua haikufunguliwa.

Tena kuna habari ambayo wanawake wengi hawajaelezwa. Kama ardhi ni ile yenye makazi ya mume na mke, "charge" juu yake haina nguvu isipokuwa karatasi imetiwa sahihi na mwenye shamba pamoja na mwenzake wa ndoa anayeishi humo, au pawe na ushahidi kwamba mwenzake huyo amekubali. Basi mama akiletewa karatasi jioni na kuambiwa, "Mama Fulani, tia sahihi hapa, ni mambo ya kawaida ya benki," na akaliona neno "charge" juu yake, ajue kwamba anaulizwa kama anakubali nyumba anayolala itwikwe deni. Aweza kukubali, mikopo imejenga maduka na kununua ng'ombe wa maziwa. Lakini akubali akijua. Ana haki ya kuomba asomewe karatasi yote kwa lugha yake kabla ya kalamu kugusa.

Lililotwikwa hutuliwa, na Mwingereza kwa kutua ana neno "discharge". Mgonjwa aliyepona huwa "discharged", na betri iliyokwisha nguvu huwa "discharged", kwa kuwa imeutua umeme wake. Bunduki ikilia, nayo ni "discharged". Maana hizo hazina shida. Zenye shida ni mbili, moja ya mahakamani na moja ya shambani.

Mahakamani, mtu aliyeambiwa kwamba yeye ni "discharged" mara nyingi hurudi nyumbani na kuchinja mbuzi, akidhani kesi imekufa. Yafaa asome kwanza kifungu. Mwendesha mashtaka akiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya taratibu za kesi za jinai kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiliwa, lakini kuachiliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Akitaka kujua kwamba jambo limekwisha kabisa, neno la kutafuta katika karatasi ni "acquitted", yaani ameonekana hana hatia. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu hicho hicho baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, hapo huwa "acquitted". Na kuna "absolute discharge", ambayo hutolewa kwa mtu aliyekwisha kuonekana na hatia, ila mahakama imeona haifai kumwadhibu. Mzigo wa adhabu umetuliwa, lakini hakuna aliyesema kwamba hakutenda.

Shambani, "discharge" ni karatasi inayoondoa rehani. Mkulima aliyemaliza kulipa mkopo wake hupewa risiti ya mwisho, akaona furaha, akaenda zake. Lakini daftari la ardhi halisomi risiti za benki. Kila shamba lililoandikishwa lina ukurasa wenye sehemu tatu: ya kwanza ni ya shamba lenyewe, namba yake na ukubwa wake, ya pili ni ya mwenye shamba, ya tatu ni ya mizigo iliyo juu ya shamba, na humo ndimo "charge" ilimoandikwa. Itabaki humo, ijapokuwa deni limelipwa hadi senti ya mwisho, mpaka hati ya "discharge of charge" itiwe sahihi na mkopeshaji na kuandikishwa katika ofisi ya ardhi. Wapo watoto waliokuja kugawana urithi wakakuta shamba bado limefungwa kwa mkopo ambao marehemu alikwisha kuulipa, na karatasi za kuthibitisha hazionekani.

Basi aliyemaliza mkopo na aombe mambo mawili kwa mkopeshaji wake: hati yake ya shamba, na hati ya "discharge" iliyotiwa sahihi. Akishaipeleka katika ofisi ya ardhi na kuandikishwa, na aombe upekuzi rasmi wa daftari, kazi ambayo Mwingereza huiita "official search", kisha asome mwenyewe sehemu ya tatu, au asomewe na mtu anayemwamini, na kuona kama jina la mkopeshaji bado limo.